Chanjo ya mbwa Pemba isingoje msiba

Kisiwa cha Pemba kimewahi kulifanya jambo ambalo nchi nyingi kubwa, zenye fedha na wataalamu wengi zaidi, bado hazijaliweza. Mwaka 2010 kichaa cha mbwa kilikuwa kimeenea kisiwani humo. Ilipofika Mei 2014, baada ya kampeni za kila mwaka za kuwachanja mbwa kisiwa kizima, ugonjwa huo ulikuwa umetoweka. Kwa kisiwa chenye eneo lisilotimia kilomita za mraba 1,000, huo ulikuwa ushindi wa kujivunia.

Lakini ushindi huo haukulindwa. Mwishoni mwa mwaka 2016 kichaa cha mbwa kiliingia tena Pemba na kuanza kusambaa. Hakikuingia kwa sababu chanjo ilikuwa mbovu, wala kwa sababu wataalamu hawakuijua kazi yao. Kiliingia na kupata pa kukaa kwa sababu moja: kampeni ya kuchanja mbwa ilikuwa imekatika. Ugonjwa ulipokuwa hauonekani, kinga nayo ilisahauliwa. Ilibidi kazi ya kuchanja mbwa kisiwa kizima ianzwe upya, na mnyororo wa maambukizi ukakatwa tena Oktoba 2018.

Habari hizi si za kubahatisha. Zilichapishwa mwaka 2023 na watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wakishirikiana na wataalamu wa Zanzibar na wa Chuo Kikuu cha Glasgow. Watafiti hao walifuatilia matukio ya mbwa wenye kichaa na watu waliong'atwa Pemba kuanzia mwaka 2010 hadi 2020, kijiji hadi kijiji, na kuvichunguza virusi vyenyewe ili kujua vilitoka wapi na vilikwenda wapi. Waligundua kwamba minyororo mitano ya maambukizi iliyokuwako mwaka 2010 ilikatwa yote, na kwamba ugonjwa uliozuka baadaye ulitokana na virusi vilivyoingia kisiwani mara mbili kutoka nje.

Somo la Pemba, basi, liko wazi kwa kila mtumishi wa umma. Kuutokomeza ugonjwa ni kazi moja, na kuuzuia usirudi ni kazi nyingine. Kazi ya pili ni ngumu zaidi kwa sababu haina kelele. Hakuna mgonjwa wa kutazamwa, hakuna kilio cha kuwaamsha viongozi. Kazi hiyo hutegemea kanuni zinazofuatwa kila siku, mwaka baada ya mwaka, hata pale inapoonekana kama hakuna sababu ya kuzifuata.

Yafaa kwanza ieleweke kwa nini ugonjwa huu hauvumilii uzembe. Virusi vya kichaa cha mbwa hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa na kuingia mwilini kwa njia ya jeraha. Kutoka hapo husafiri polepole katika mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, ingawa yaweza kuwa wiki moja au hata mwaka. Muda huo ndio nafasi pekee ya kumwokoa mtu. Dalili zikishatokea, mgonjwa akaanza kuogopa maji na kuweweseka, hakuna tiba inayojulikana kumponya, na karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, na kati ya kila watu kumi wanaokufa, wanne ni watoto wasiotimiza miaka 15.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza inahusu dakika chache za mwanzo, na mtekelezaji wake ni mtu yeyote aliye karibu. Jeraha la kung'atwa au kukwaruzwa na mbwa, paka au mnyama mwingine wa kutiliwa shaka lioshwe mara moja kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, kwa muda wa dakika 15. Baada ya hapo litiwe dawa ya kuua vijidudu, kama iodini. Lisipakwe majani, mafuta ya taa, pilipili wala chumvi. Lisifungwe kwa kukazwa. Kuosha huko kwa sabuni si jambo dogo la kupitishia wakati gari likisubiriwa. Ni sehemu ya tiba yenyewe, kwa kuwa huondoa na kuviua virusi vingi kabla havijaingia katika mishipa ya fahamu.

Hapa pana jambo linalohitaji busara. Wananchi wengi wa Pemba ni Waislamu wanaofuata madhehebu ya Imamu Shafii, na wanajua tangu utotoni kwamba mate ya mbwa ni najisi ambayo kutahirishwa kwake ni kuosha mara saba, mara moja kwa udongo. Mazoea hayo ya kutopuuza mate ya mbwa ni hazina kubwa kwa mwalimu wa afya. Lakini udongo ukisuguliwa katika jeraha bichi unaweza kuleta pepopunda. Masheikh na maimamu ndio wenye elimu ya kuwaeleza waumini hukumu ya mtu mwenye jeraha, na wataalamu wa afya hawana budi kuwaendea na kuzungumza nao. Jambo likielezwa msikitini na likaelezwa pia kituo cha afya, kwa lugha moja, mwananchi hatayumba.

Kanuni ya pili ni kwamba aliyeng'atwa afike kituo cha afya siku hiyo hiyo. Asingoje kuona kama mbwa atakufa, wala asingoje jeraha livimbe. Mtaalamu atalipima jeraha kwa daraja zake. Aliyegusa tu mnyama, au kulambwa mahali ambapo ngozi ni nzima, hahitaji chanjo. Aliyeparuzwa kidogo pasipo damu kutoka anahitaji kuoshwa na kuchanjwa. Aliyechubuliwa hadi damu, au ambaye mate yamempata mdomoni, machoni au kwenye kidonda, anahitaji kuoshwa, kuchanjwa, na kupewa pia dawa yenye kinga iliyo tayari, ambayo hudungwa ndani na pembeni mwa jeraha. Jeraha hilo lisishonwe kwa haraka, kwa maana sindano ya kushona yaweza kuvipeleka virusi ndani zaidi.

Wapo wazazi ambao bado wanaogopa habari za zamani za sindano nyingi za tumboni. Habari hizo zimepitwa na wakati. Chanjo ya leo hudungwa mkononi, na ratiba fupi iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 humtaka aliyeng'atwa ahudhurie siku ya kuanza, kisha siku ya tatu na siku ya saba baada ya hapo. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mzazi anayemwonea mtoto huruma ya sindano, au anayeikatiza ratiba kwa sababu kidonda kimepona, anamwachia mtoto wake hatari ambayo haitampa onyo la pili.

Hata hivyo, mzazi hawezi kulaumiwa iwapo anafika kituoni akaambiwa chanjo hakuna, au akaambiwa alipe fedha asizokuwa nazo. Mkulima au mvuvi anayetakiwa kuchagua kati ya chakula cha wiki na chanjo ya mtoto asitegemewe kuchagua sawasawa kila mara. Chanjo ya aliyeng'atwa lazima iwepo katika kila wilaya, Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani, wakati wote, na isiwe na bei. Utafiti wa Pemba ulihesabu kwamba kuwachanja watu walioumwa kunagharimu wastani wa dola 256 za Kimarekani kwa kila kifo kinachozuiwa. Ni nadra kwa fedha za umma kununua uhai wa mtu kwa gharama ndogo kiasi hicho.

Kanuni ya tatu inahusu mnyama aliyeng'ata, na ndiyo inayovunjwa zaidi. Desturi ya wengi ni kumpiga mbwa huyo hadi afe, kisha kumtupa au kumzika haraka. Desturi hiyo huharibu ushahidi. Kama mbwa anaonekana mzima, afungwe mahali pa usalama na kuangaliwa kwa siku 10. Akiwa hai na mwenye afya baada ya siku hizo, ni dhahiri kwamba mate yake hayakuwa na virusi siku alipong'ata, na daktari anaweza kuisimamisha chanjo ya mtu. Akiugua au akifa, kichwa chake kipelekwe kwa wataalamu wa mifugo ili kipimwe. Lakini yafaa isisitizwe kwamba kumwangalia mbwa si sababu ya kumchelewesha mtu. Chanjo ya mtu ianze, na uchunguzi wa mbwa uendelee.

Uchunguzi huo hauwezekani bila taarifa, na taarifa ndiyo inayokwama mara nyingi baina ya ofisi mbili. Mtu aliyeng'atwa huenda kwa watu wa afya. Mbwa aliyeng'ata ni wa watu wa mifugo. Kila ofisi ikiandika katika daftari lake na kulifunga, mtu atatibiwa lakini mbwa ataendelea kuzurura na kung'ata wengine. Katika baadhi ya mikoa ya Tanzania Bara, kama vile Mara, Lindi na Mtwara, umejaribiwa utaratibu ambao mfanyakazi wa afya anapompokea mtu aliyeng'atwa na mnyama wa kutiliwa shaka humpigia simu ofisa mifugo, naye ofisa huyo huenda kijijini kumtafuta mnyama. Utaratibu huo hauhitaji jengo jipya wala cheo kipya. Unahitaji namba ya simu iliyobandikwa ukutani na watumishi wawili wanaotambua kwamba mwajiri wao ni mmoja, yaani mwananchi.

Umuhimu wa taarifa unaonekana katika hesabu za nchi nzima. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002, ambayo watafiti waliyapata kwa kuhesabu majeraha ya mbwa, yalionyesha kwamba watu wapatao 1,500 walikuwa wakifa kwa kichaa cha mbwa nchini kila mwaka, idadi iliyoweza kuzidi mara 100 ile iliyokuwa katika kumbukumbu rasmi. Wengi walifia majumbani, na vifo vyao havikuandikwa popote. Serikali haiwezi kupanga bajeti kwa ajili ya vifo isivyovijua.

Pemba, sheha ndiye kiungo cha kufaa kabisa katika kazi hii. Yeye anazijua nyumba za shehia yake, na anajua nani anafuga mbwa na nani hafugi. Kila shehia iwe na daftari la mbwa na tarehe zao za chanjo, na tukio lolote la mtu kung'atwa liandikwe na kupelekwa mbele siku hiyo hiyo.

Kanuni ya nne ndiyo msingi wa zote: mbwa wachanjwe kila mwaka. Chanjo ya mtu humwokoa mtu huyo mmoja, lakini haipunguzi hata mbwa mmoja mwenye kichaa. Ni chanjo ya mbwa pekee inayoukata mnyororo. Wataalamu wanashauri kwamba mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe. Kiwango hicho hakikuwekwa kwa kupenda makubwa. Mbwa hawaishi miaka mingi. Katika mwaka mmoja baadhi ya waliochanjwa hufa, na watoto wasiochanjwa huzaliwa, hivyo kinga ya kijiji hushuka mwezi hadi mwezi. Kampeni ikirukwa mwaka mmoja, kinga huwa imepwaya. Ikirukwa miwili, ni kama haikuwahi kufanywa. Hayo ndiyo yaliyoikuta Pemba kabla ya mwisho wa mwaka 2016.

Wapo wanaosema kwamba njia rahisi ni kuwaua mbwa wote. Kisiwa cha Bali, nchini Indonesia, kilidhani hivyo. Bali haikuwa na kichaa cha mbwa hadi ugonjwa ulipoingia mwaka 2008. Mbwa wengi waliuawa kwa risasi na sumu, lakini ugonjwa ukazidi kuenea na watu zaidi ya 100 wakafa. Nafuu ilianza kuonekana pale mbwa walipochanjwa kisiwa kizima. Sababu yake si ngumu kuielewa. Mbwa aliyechanjwa akiuawa, ukuta wa kinga umebomolewa, na nafasi yake huchukuliwa na mbwa mwingine asiyechanjwa. Aidha, mwenye mbwa anayeogopa kuuliwa mbwa wake humficha, na mbwa aliyefichwa hachanjwi.

Jambo hilo lina uzito wa pekee Pemba. Wafugaji wa mbwa kisiwani si wengi, na baadhi yao huona haya kujitokeza mbele ya majirani. Lakini mkulima anayemweka mbwa alinde muhogo na ndizi zake zisiliwe na tumbili hafanyi kosa, na dini yenyewe inamruhusu mtu kuweka mbwa wa kulinda shamba na mifugo. Mkulima huyo akija na mbwa wake kwenye kituo cha chanjo anawalinda watoto wa shehia nzima. Anastahili shukrani. Kituo cha chanjo kiwekwe karibu na mashamba, na siku yake isigongane na pilikapilika za msimu wa karafuu, wakati watu hawako majumbani.

Kanuni ya tano inahusu bandari. Pemba ni kisiwa, na bahari ni ngome yake. Lakini ngome yenye mlango wazi si ngome. Uingereza ilikitokomeza kichaa cha mbwa mwaka 1902. Mwaka 1918, vita kuu ilipokwisha, ugonjwa uliingia tena kwa mbwa walioletwa kwa magendo na askari waliokuwa wakirejea, na ilichukua hadi mwaka 1922 kuumaliza. Yaliyoipata Uingereza yaliipata Pemba mwaka 2016. Mbwa anayeshushwa Mkoani, Wete au katika bandari yoyote ndogo inayopokea majahazi lazima awe na cheti cha chanjo, na asiyekuwa nacho asishuke. Manahodha waelezwe na watumishi wa bandari wasimamie. Bandari bubu, ambako hakuna mtumishi wa kudumu, zitalindwa na wananchi wenyewe wakijua ni nini wanachokilinda.

Hapana shaka ataulizwa mtu wa mipango: katika kisiwa chenye mahitaji mengi, ambako wajawazito wanahitaji wakunga na shule zinahitaji madawati, je, ni haki kutumia fedha kwa mbwa? Swali hilo ni la haki na linastahili jibu la hesabu. Watafiti walikadiria kwamba kuchanja mbwa kila mwaka pamoja na kutoa chanjo bila malipo kwa walioumwa kunagharimu dola 1,657 kwa kila kifo kinachozuiwa. Gharama hiyo ni kubwa kuliko ile ya chanjo ya watu peke yake. Lakini mwenye kuchanja watu peke yake ataendelea kuwachanja milele, kwa kuwa mbwa wagonjwa hawatakwisha. Mwenye kuchanja mbwa huuondoa ugonjwa wenyewe, na kwa Pemba maana yake ni kwamba zaidi ya familia 30 kila mwaka huepushwa na madhila ya mmoja wao kung'atwa na mbwa mwenye kichaa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tatizo la miaka iliyopita lilikuwa mahali fedha zilikotoka. Kazi inayosimama juu ya mradi wa wahisani huanguka mradi unapofungwa. Misaada ya wahisani ni ya kushukuriwa, lakini kazi ya kudumu haiwezi kutegemea fedha za muda. Chanjo ya mbwa na chanjo ya walioumwa ziwe na kifungu chake katika bajeti ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kifungu ambacho hakitafutwa kwa hoja kwamba mwaka uliopita hapakuwa na mgonjwa. Kukosekana kwa mgonjwa ndiyo matunda ya kifungu hicho. Hakuna anayeacha kulipa mlinzi kwa sababu mwizi hakuja.

Walimu nao wana sehemu yao, na si ndogo, kwa kuwa watoto ndio wanaoumwa zaidi na ndio wanaoogopa kusema. Mtoto aliyemchokoza mbwa hukaa kimya kwa kuogopa bakora. Mwalimu amfundishe kwamba kunyamaza ndiyo hatari. Amfundishe pia kutomkaribia mbwa anayekula au anayenyonyesha, kutokimbia mbele ya mbwa asiyemjua, na kuosha jeraha kwa sabuni. Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ambayo pia ni siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, shule zote za Pemba zingeweza kufundisha somo moja hilo hilo. Pasteur ndiye aliyemchanja mtoto Joseph Meister, mwenye umri wa miaka tisa, Julai 1885. Elimu ya kumwokoa mtoto aliyeng'atwa, kwa hiyo, ina zaidi ya miaka 100. Kinachokosekana ni kuifikisha kwa wakati.

Matawi ya Chama Cha Mapinduzi nayo yasikae pembeni yakingoja kampeni itangazwe. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilionyesha kwamba wananchi wakikusanywa, wakaelezwa jambo kwa lugha yao, huchukua hatua wenyewe. Mwanachama anayemshawishi jirani yake ampeleke mbwa kuchanjwa anafanya kazi ya Chama.

Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya kimataifa yameweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 asiwepo mtu anayekufa kwa kichaa kinachotokana na mbwa. Mexico ilithibitishwa mwaka 2019 kuwa nchi ya kwanza kulifikia lengo hilo. Pemba ilikwisha onyesha, si mara moja bali mara mbili, kwamba nayo inaweza. Isilazimike kuonyesha mara ya tatu. Daftari la shehia lifunguliwe, chanjo iwekwe kituoni, mbwa wachanjwe mwaka huu na mwaka ujao na mwaka utakaofuata, hata kama hapana mwenye kukumbuka tena kichaa cha mbwa kilikuwa nini.